Katalogi ya skrini nyeusi au katalogi ya brauza, maktaba yako ichague ipi?

Hili swali linarudi kila wakutubi wakikutana. Maktaba ina ile kompyuta ya kwenye kona, skrini nyeusi, maandishi matupu, hakuna mausi, msomaji anabonyeza herufi mbili tatu anapata namba ya kitabu anaenda zake kwenye rafu, na hiyo kitu imefanya kazi tangu miaka ya tisini bila kelele. Afu anakuja bosi mpya au mfadhili anasema jamani mbona bado mko huku, hamieni kwenye web. Hapo ndo watu wanagawanyika, wengine wanataka kuhama kesho asubuhi, wengine wanasema ya zamani ina kasi kuliko hizi za kisasa, na kiukweli pande zote mbili zina hoja.

Mi nalinganisha vitu vitatu, siyo viwili, maana cha katikati watu wengi wanakisahau. Cha kwanza ni kubaki na katalogi ya maandishi, iwe CDS/ISIS, programu ya katalogi ya UNESCO, kwenye kompyuta ya palepale au mfumo wa zamani unaoingia kwa telnet, yaani njia ya kutumia kompyuta ya mbali kwa maandishi tu. Cha pili ni kuacha data ilipo, ndani ya database ya ISIS, ila juu yake unaweka intafesi ya web, na kwa familia ya ISIS programu ya kazi hiyo ni ABCD. Cha tatu ni kuhama kabisa, data na kila kitu, kwenda kwenye mfumo uliozaliwa kwenye web kama Koha. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: msomaji apewe brauza, seva ikae ndani ya jengo la maktaba, na asihame mtu mpaka rekodi zimesafishwa. Hilo la mwisho ndo lina uzito kuliko yote, na ndo linaloachwa mpaka siku ya mwisho.

Kwa ambao hawakuziona hizo enzi, Marekani miaka ya themanini vyuo vikubwa viliweka katalogi kwenye kompyuta moja kubwa halafu terminali, yaani skrini na kibodi zilizounganishwa nayo, zikatawanywa majengoni, mistari 24 kwa skrini, herufi 80 kwa mstari, kama ile VT100 ya kampuni ya DEC ya mwaka 1978. University of California walikuwa na MELVYL iliyounganisha kampasi zao. Library of Congress wakafungua ya kwao, LOCIS, kwenye intaneti mwaka 1993, ukiwa popote duniani unaingia kwa telnet unaandika amri, ila ilikuwa na saa za kufunga, na mwaka 1999 wakahamia mfumo mwingine wenye intafesi ya web. Katalogi za telnet zilizidi mpaka ikatengenezwa programu ya kuziorodhesha tu, Hytelnet, ya Peter Scott wa University of Saskatchewan kule Kanada.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. UNESCO walitoa CDS/ISIS ya kompyuta ndogo mwaka 1985, ikagawiwa bure, ikawa ndo katalogi ya kwanza ya kompyuta kwa maktaba nyingi za vyuo, wizara na vituo vya utafiti. Haikuhitaji mtandao wowote. So maktaba ya Marekani ikihama inaacha telnet, sisi mara nyingi tunaacha faili moja kwenye kompyuta moja, na mwenye kuijua ile faili ni mtu mmoja ambaye labda ameshakaribia kustaafu. Hiyo tofauti ishike, nitairudia kwenye data.

Kasi

Nianze na kasi maana ndo silaha ya wanaotaka kubaki. Na wako sahihi. Mfanyakazi wa dawati aliyeuzoea mfumo wa maandishi haangalii hata kibodi, namba ya msomaji, enta, namba ya kitabu, enta, kamaliza, anaita anayefuata. Telnet inatuma herufi tu, baiti chache kwa kila kibonyezo, kwahiyo hata kwenye laini ya simu ya zamani ilipita vizuri. Ukurasa wa web unavuta picha, skripti, mapambo, na kila ukibofya kitu ombi linaenda seva linarudi.

Hata Koha yenyewe ilianza ikilijua hilo. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 na kampuni ya Katipo Communications kwa ajili ya Horowhenua Library Trust, kwasababu mfumo wao wa zamani haukuwa salama kuvuka mwaka 2000. Ilipoanza kazi Januari 2000 katalogi ya wasomaji ilikuwa ya brauza, lakini dawati la kuazimisha likabaki na skrini ya maandishi. Yaani huu mfumo tunaousifia leo kwa kuwa wa web, siku ya kwanza ulikuwa nusu kwa nusu, na sababu yake ilikuwa nzuri tu, foleni ya watu mbele ya dawati haina subira.

Leo lakini hali siyo ile. Seva ikiwa chumba cha pili na waya umefika dawatini, ukurasa wa kuazimisha wa Koha unafunguka haraka kiasi kwamba tofauti huioni labda uwe na saa ya kukimbizia. Skana ya barcode kwa kompyuta ni sawa na kibodi tu, inaandika namba na kupiga enta, na Koha ina vibonyezo vyake vya mkato, Alt+U kuazimisha, Alt+R kupokea, Alt+Q kutafuta. Tatizo ni kwamba hakuna anayewafundisha watu hivyo vibonyezo. Mafunzo yanafanywa kwa mausi, projekta ukutani, bofya hapa bofya pale, halafu mama wa dawatini mwenye uzoefu wa miaka mingi anaonekana mzito wa kujifunza wakati vidole vyake vilikuwa vya kasi kuliko vya wote mle ndani. Ukihamia web, wafundishe watu wa dawati kwa kibodi tangu siku ya kwanza. Wakatalogi nao waonyeshe ile edita ya juu ya Koha (advanced editor), ambayo unaandika rekodi nzima kama maandishi bila kuhangaika na visanduku.

ABCD kwenye hili ina kitu kizuri, fomu zake za kuingiza rekodi zimefuata mtindo wa ISIS, so mkatalogi wa zamani hapotei. Kwa maktaba yenye wafanyakazi wawili wenye umri mkubwa hiyo siyo faida ya kudharau hata kidogo.

Kutafuta, hapa ndo nataka tukae kidogo

Watu wanadhani kisanduku kimoja cha kutafutia ni bora siku zote kwasababu tumekizoea Google. Siyo siku zote. Katalogi nyingi za maandishi zilikupa orodha ya alfabeti, unaandika mwanzo wa jina, inakushusha katikati ya orodha, unaona na majirani juu na chini. ISIS ina kamusi ya maneno yote yaliyomo kwenye database, unaipitia kwa macho.

Chukua jina la mwandishi anayeitwa Mohamed. Kwetu utalikuta Mohamed, Mohammed, Muhammad, Muhamed, Mohamedi, na yote yako sahihi maana ndivyo wenyewe walivyoandika kwenye majalada ya vitabu vyao. Kwenye orodha ya alfabeti za Moh- unaziona zimekaa jirani jirani, na za Muh- nazo ziko pamoja mbele kidogo, jicho linakusaidia. Kwenye kisanduku unaandika namna moja, inakuletea za namna hiyo tu, au inakuletea sifuri, na msomaji akiona sifuri anaondoka akiamini kitabu hakipo. Kitabu kipo, kiko rafuni kinakula vumbi.

Sasa geuza upande wa pili. Majina yetu mengi ni matatu, lake, la baba, la babu. Mkatalogi mmoja anaanza na la babu kwa kufuata kanuni za ukoo wa kizungu, mwingine anaanza na la mwenyewe kwasababu ndivyo watu wanavyomwita. Kwenye orodha ya alfabeti, rekodi za mwandishi mmoja zimetawanyika sehemu mbili au tatu na huwezi kujua. Kwenye kisanduku cha web mpangilio wa majina haujalishi, andika yoyote mawili, yatakuja. So hapo web inashinda wazi kabisa.

Dawa inayotibu yote mawili ni rekodi za majina, zile za authority, ambapo jina moja linachaguliwa kuwa kuu na namna nyingine zote zinaingizwa humo humo kama marejeo, kwenye MARC, ule muundo wa kimataifa wa rekodi za katalogi, ni zile fildi za 400. Koha inazifanyia kazi ukizijaza na ukiziwasha kwa wasomaji. Maktaba nyingi zinafunga Koha na kuacha hiyo sehemu tupu, afu wanasema mfumo mpya hautafuti vizuri. Mfumo unatafuta kilichowekwa.

Kitu kingine ambacho hakuna mfumo hata mmoja kati ya hii unaokiweza, si wa zamani si mpya, ni Kiswahili chenyewe. Mifumo hii inajua kukata mwisho wa neno, kwenye ISIS unaweka alama ya dola, kwenye Koha kinyota, ukiandika mwanzo wa neno inakuletea miisho yote. Kwa Kiingereza inasaidia sana maana wingi uko mwishoni. Kiswahili wingi uko mwanzoni, mtoto watoto, kijiji vijiji, ugonjwa magonjwa, jino meno, unakata mwisho wa nini hapo? Msomaji akitafuta ugonjwa wa mnazi hapati kilichoandikwa magonjwa ya minazi. Kwahiyo usije ukahama ukitegemea web itakutatulia hili, haitatui. Njia ninayoipendekeza ni ya mkono, kwenye vichwa vya mada weka umoja na wingi vyote viwili, inaongeza dakika chache kwa rekodi na inaokoa wasomaji wengi.

Na ile alama ya ng'ombe, ng'ambo, ng'aa. Kibodi ya zamani ilikuwa na alama moja tu, ile iliyonyooka. Baadhi ya simu za sasa zinaigeuza zenyewe kuwa ile iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Kabla hujapokea mfumo wowote wa web kutoka kwa fundi, tafuta ng'ombe kwa kompyuta, halafu tafuta kwa simu, majibu yakitofautiana mrudishe fundi mezani, arekebishe namna mfumo unavyoindeksi. Usisaini chochote kabla ya hapo.

Kwa maktaba zenye hati za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama zilizopo Zanzibar na pwani ya Kenya, sina cha kulinganisha hapa. Skrini ya DOS haikufai. Mfumo wa web unaotumia Unicode, ule mpango wa herufi za lugha zote, unakubali kichwa cha hati kwa herufi zake za asili na kwa herufi za Kilatini kwenye rekodi moja, na hicho peke yake kinatosha kukuhamisha.

Kiungo cha kutuma

Katalogi ya terminali haina anwani ya kitabu. Mhadhiri anataka wanafunzi wake mia mbili wasome kitabu fulani, atawaambia nini? Nendeni kwenye ile kompyuta mwandike hivi na hivi. Kwenye web anatuma kiungo kwenye grupu la WhatsApp la darasa, wanabofya, wanaona nakala ziko ngapi na ngapi zimeazimwa, walioko hosteli hawapandi hata ngazi kama hakuna. Kwa chuo hii ndo faida kubwa kuliko zote na sioni namna ya kuipinga.

Ila kagua kitu kimoja. Telnet ukiingia inakukumbuka mpaka utoke, web yenyewe haina kumbukumbu, kila ukurasa ni ombi jipya. Katalogi za kwanza za web zilizojengwa juu ya mifumo ya zamani zililitatua hilo kwa kubandika namba ya kikao ndani ya anwani, ukituma kiungo mwenzako anakuta kikao kimeisha, na vivyo hivyo ukienda kunywa chai ukirudi. Bado kuna mifumo ina tabia hiyo. Koha inatumia namba ya rekodi kwenye anwani, kiungo cha leo mwakani bado kinafunguka. ABCD au mfumo mwingine wowote, fungua rekodi, nakili anwani, jitumie kwenye simu, ifungue kesho yake. Hicho kipimo hakina gharama.

Web siyo intaneti

Hapa naomba mnielewe vizuri maana ndo panapopotosha wakurugenzi wengi. Nasikia sana, sisi hatuwezi katalogi ya web kwasababu intaneti yetu ni mbovu. Jamani, brauza haihitaji intaneti, inahitaji kufika kwenye seva. Seva ikiwa kwenye chumba cha mkutubi na swichi na waya zikawa zimefika ukumbini, katalogi inafunguka hata kama bando limeisha, hata kama nguzo ya fibre imegongwa na lori. Wasomaji wakiwa na simu zao waunganishe na WiFi ya maktaba, hiyo WiFi haihitaji kutoka nje ya jengo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ni kati ya nchi zilizoumia sana, watu walikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Maktaba iliyokuwa imekodi katalogi kwenye seva ya Ulaya siku zile msomaji anauliza kitabu kilichoko mita kumi kutoka alipo na ombi lake linatakiwa livuke bahari likaulize huko halafu lirudi. Maktaba yenye seva ndani iliendelea kuazimisha.

Kwahiyo kwenye ulinganisho huu terminali haina ushindi dhidi ya web kwa sababu ya intaneti. Ushindi uko kwa seva ya ndani dhidi ya seva ya mbali, na hilo ni swali jingine kabisa. Ya mbali ina raha zake, huna haja ya fundi wa seva, bakapu wanafanya wao, wasomaji wa nje wanaingia bila wewe kuhangaika. Kama mna matawi matano miji tofauti, ya mbali inaweza kuwa ndo sahihi. Ila kwa jengo moja, weka ndani, halafu nakala ya katalogi ya kusoma tu ndo uiweke nje kwa walioko mbali.

Umeme nao uko hivyo hivyo. Kompyuta ya ISIS ikizimika imezimika. Seva ikizimika katalogi nzima imezimika, hiyo ni kweli, lakini seva moja na swichi moja na ruta moja unaweza kuziwekea UPS ya kueleweka, na wasomaji wanaendelea na simu zao zenye chaji. Watu wananunua UPS ya seva wanasahau swichi, umeme ukikatika seva inanguruma peke yake chumbani hakuna anayeifikia. Kwa mashine za ukumbini huna haja ya kompyuta kamili, Raspberry Pi na skrini ya zamani zinatosha kufungua brauza kwenye ukurasa wa katalogi tu, zinakula umeme kidogo mno na zinakaa vizuri kwenye sola.

Kwanini kubaki hakutawezekana muda mrefu

Wale wa kubaki kuna kitu hawawezi kukikwepa. CDS/ISIS ya DOS ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64 yenyewe haiendeshi programu za biti 16. WinISIS, toleo lake la Windows, nayo inagoma humo humo. Windows 11 haina toleo la biti 32, na Windows 10 Microsoft walisitisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake kompyuta mpya ya Windows utakayonunua dukani leo haitaifungua katalogi yako moja kwa moja. Utabaki unatafuta kompyuta kuukuu na vipuri vyake Kariakoo au River Road, au unaendesha ISIS ya DOS ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani, ambayo inafanya kazi, nimeiona ikifanya kazi, na kama njia ya kupumulia mwaka mmoja naikubali. Lakini siyo mpango wa miaka kumi.

Wa telnet wao wana shida nyingine, telnet inatuma kila kitu wazi pamoja na paswedi. Kwa msomaji anayetafuta tu haina neno, kwa mfanyakazi anayeingia kurekebisha faini ni hatari. Kuna SSH tangu 1995, inafanya kazi kama hiyo ila inaficha kila kinachotumwa, mfumo wako ukiikubali hamia huko leo, hata kama hujaamua mengine.

Na web nayo isisifiwe tu kwenye usalama. Oktoba 2023 British Library walivamiwa na wahalifu wa mtandao, katalogi yao kuu ikapotea hewani mpaka tarehe 15 Januari 2024, na iliporudi ilirudi ya kusoma tu. Ripoti yao wenyewe ya Machi 2024 ilisema mifumo ya zamani waliyokuwa nayo ndo iliyorefusha sana kupona. Wale ni wakubwa, wana watu na pesa. Kingine cha miaka hii, roboti zinazokusanya data za AI zinavamia katalogi za web zinafungua kurasa kwa maelfu mpaka seva inazidiwa, na katalogi ni shabaha nyepesi maana kila utafutaji unazaa kurasa nyingine. Sababu nyingine hiyo ya seva ya ndani, na ukiifungua nje weka kizuizi mbele yake.

Data, ndo kazi yenyewe

ISIS inatoa rekodi kwa muundo wa ISO 2709, na MARC nayo inasafirishwa kwa ISO 2709. Mafundi wengi wakisikia hivyo wanasema rahisi, wiki moja. Chombo ni kilekile ila mzigo ndani umepangwa kivyake. Kwenye ISIS kila maktaba ilijitungia namba za fildi zake, kwako kichwa cha kitabu ni fildi ya 24, kwa jirani ni 200, MARC21 inataka 245. Kuna waliotia mwandishi na mwaka kwenye fildi moja kwa kutenganisha na koma. Kuna waliobadilisha mtindo mwaka fulani mkutubi mpya alipokuja, so nusu ya database ni hivi nusu ni vile. Hakuna programu itakayojua hayo, anayejua ni yule mama aliyeingiza, na kama bado yupo kaa naye chini na daftari kabla hajaenda kupumzika kijijini.

Hapa ndo njia ya katikati inapopata heshima yake. ABCD inasoma database za ISIS zilivyo, hulazimiki kubadilisha kitu siku ya kwanza. Unapata web, wasomaji wanafurahi, na huku nyuma unasafisha rekodi taratibu kwa mwaka au miwili, halafu ukitaka ndo uende Koha na data safi. Kwa maktaba yenye rekodi chafu na watu wachache naiona ni njia ya busara kuliko kurukia Koha na kujaza uchafu ule ule kwenye nyumba mpya. Ubaya wake, wanaoijua ABCD ni wachache kuliko wanaoijua Koha, ukikwama usiku hupati wa kumuuliza kirahisi, wakati Koha ina vyuo vingi ukanda huu wanaoitumia na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zinazotafsiriwa.

Ukienda Koha moja kwa moja, tumia programu ya MarcEdit kubadilisha rekodi, anza na rekodi mia tano za miaka tofauti siyo elfu za mwanzo peke yake, ziangalie kwa macho, rekebisha jedwali la kubadilishia, rudia. Ile namba ya ISIS ya rekodi, MFN, ihifadhi kwenye fildi mojawapo ya rekodi mpya. Utaihitaji siku mtu akija na karatasi ya zamani yenye namba hiyo, na atakuja.

Mtu wa kuitunza

Koha ni bure na siyo bure. Inataka Linux, Debian au Ubuntu, inatoa toleo jipya Mei na Novemba kila mwaka, na inataka mtu wa kuitunza. Nimeona maktaba imebaki na Koha ya zamani iliyoganda kwasababu kijana aliyeifunga alipata kazi kwenye kampuni ya simu akaondoka na paswedi kichwani. Kama huwezi kuwa na watu wawili wanaoweza kuiwasha upya, kuchukua bakapu na kuirudisha hiyo bakapu, basi hujawa tayari, fundisha kwanza. Paswedi ziandikwe zifungiwe kwenye bahasha kwa mkuu wa maktaba.

Shule ya sekondari yenye vitabu elfu tatu na mwalimu mmoja anayeshughulikia maktaba jioni, Koha ni mzigo. Kwake angalia SLiMS, programu ya maktaba ya kutoka Indonesia, inakubali kukaa kwenye Windows ya kawaida, anaifunga mwenyewe mchana mmoja. Haikujengwa juu ya MARC kama Koha, lakini kwa vitabu elfu tatu hilo halimuumi.

Chuo chenye wanafunzi wengi na kitengo cha TEHAMA kinachopokea simu kikipigiwa, nenda Koha, seva ndani, kopi ya nje. Kituo cha utafiti au maktaba ya wizara yenye miaka thelathini ya rekodi za ISIS za aina yake, ripoti na makala ambazo hakuna mwingine anazo, anza ABCD. Maktaba iliyo kwenye telnet ya mfumo wa kununua, mwombe muuzaji data yote kwa MARC leo hii hata kama huhami, ukiona anazungusha maneno basi hapo umeshajua cha kufanya. Na ambaye hana fundi, hana bajeti na ISIS yake inawaka, abaki mwaka mmoja kwenye DOSBox, lakini leo jioni atoe kopi ya database nzima kwenye flashi mbili, moja alale nayo nyumbani.

Kuhusu lini, fanya likizo ndefu, wanafunzi wakiwa hawapo. Hesabu vitabu vya rafuni kabla siyo baada, maana ukihamisha rekodi za vitabu vilivyopotea tangu 2003 wasomaji wataviomba. Muhula wa kwanza acha kompyuta ya zamani ibaki kona ile ile kwa kusoma tu, mtu akikosa kitabu kwenye web akajaribu kule akakipata, aandike kwenye daftari lililo pembeni. Kila Ijumaa pitia hilo daftari na mkatalogi.